Kabureta Mbili na Masikio ya Norman Uttley

Kwa miaka karibu arobaini, mtu yeyote wa bonde letu aliyekuwa na pikipiki ya zamani yenye kabureta mbili aliipeleka kwa Norman Uttley kule Cornholme. Kabureta moja hata mtu wa kawaida anaiweza. Mbili ni shughuli nyingine. Lazima zifunguke pamoja, zivute hewa sawasawa na zichanganye petroli kwa kipimo kilekile, la sivyo silinda moja inafanya kazi na mwenzake anabebwa, na injini nzima inatetemeka kama mtu mwenye homa. Norman hakuwa na chombo chochote zaidi ya kipande cha bomba la mpira chenye urefu wa mkono. Ncha moja aliielekeza kwenye mdomo wa kabureta, ya pili sikioni, kisha akafumba macho. Alisikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akazungusha skrubu kidogo, akasikiliza tena. Pikipiki iliyoingia ikikohoa ilitoka ikinguruma kwa utulivu.

Watu walimtania kuhusu ule mpira. Trevor Pickles, aliyekuwa na gereji Walsden na vipimo vya kisasa vyenye mishale miwili ya kuonyesha mvuto wa hewa, alimwita daktari wa mbuzi.

"Nunua vipimo, bwana mkubwa," Trevor alikuwa akimwambia kwenye mikutano ya klabu yetu ya pikipiki. "Zama zimebadilika."

"Injini si mgonjwa wa presha," Norman alijibu. "Inasema yenyewe inapoumwa. Wewe ndiye huisikii."

Mimi nilikuwa mshika saa wa klabu, kwa hiyo maneno hayo niliyasikia mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Kabla ya kustaafu, Norman alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda cha pamba. Mkewe, Mavis, alikuwa mfumaji palepale. Katika ukumbi wenye mitambo mia tatu inayogonga kwa pamoja hakuna mazungumzo ya sauti, na wafanyakazi wote walijua kusomana midomo. Mavis na Norman walichumbiana hivyo, kila mmoja upande wake wa ukumbi. Hata baada ya kiwanda kufungwa waliendelea kutazamana usoni wanapoongea. Sisi tulidhani ni mapenzi.

Mwezi wa Aprili mwaka 1993, Brenda Stansfield alimpelekea Norman pikipiki yake. Brenda alikuwa na miaka arobaini na saba na aliendesha gari la maktaba lililozunguka vijiji vya huko juu milimani. Hakuwa na mume na hakuwa anamtafuta. Alichokuwa nacho ni Calderwick ya mwaka 1959, silinda mbili, kabureta mbili, aliyoikuta kwenye banda la kuku la mfugaji mmoja na kuijenga upya kwa majira mawili ya baridi. Aliipanda katika mashindano ya kupanda kilima cha Hagg Brow, ambapo kila mmoja hupanda peke yake dhidi ya saa. Muda wake bora ulikuwa sekunde arobaini na nukta tatu. Hakuna mwanamke katika klabu yetu aliyewahi kushuka chini ya arobaini, na wanaume walioweza walikuwa wanane.

"Nataka hizo nukta tatu," alimwambia Norman.

"Punguza kula pai," Norman alisema.

"Nimeshapunguza. Sasa zamu yako."

Norman aliitia moto injini, akasikiliza kwa mpira wake, na uso wake ukakunjamana. Ilisikika nzito. Ndivyo alivyosema: nzito, imefunikwa, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Kwa fundi yeyote hiyo ni dalili ya petroli kuzidi hewa. Kwa hiyo akafanya ambalo fundi yeyote angefanya. Alifungua kabureta, akatoa vile vijipua vya shaba ambavyo petroli hupitia, akaweka vyenye tundu dogo zaidi. Akasikiliza. Bado nzito. Akashusha sindano ya ndani ya kabureta ngazi moja ili petroli ipungue zaidi. Akasikiliza tena, akaridhika nusu, akasema inatosha.

Brenda alienda kuijaribu kwenye barabara ya juu, ile inayokata nyika kuelekea Burnley. Aliporudi alivua helmeti na kubaki amekaa juu ya pikipiki.

"Inakimbia," alisema. "Lakini nikiifungulia yote kwenye mwinuko kuna sauti. Kitu kinalia chini ya tangi. Tiki tiki tiki, kama misumari inayotikiswa kwenye kopo."

Norman alimwambia aipige gesi papo hapo. Brenda aliipiga. Norman akainama na mpira wake, macho amefumba, akakaa hivyo muda mrefu.

"Sisikii kitu."

"Hapa hailii, imesimama. Ni ikiwa na mzigo."

"Basi ni spana iliyo mfukoni mwako, bibie. Nenda zako ukashinde."

Brenda alicheka. Baadaye aliniambia kwamba alipokuwa akirudi nyumbani aliisikia tena mara mbili, na mara zote mbili alijiambia kwamba Norman Uttley hawezi kukosea na kwamba yeye ni dereva wa gari la vitabu.

Siku ya mazoezi, Jumamosi ya pili ya Mei, hali ya hewa ilikuwa kavu na yenye ubaridi kidogo, hali nzuri kabisa kwa injini. Brenda aliondoka vizuri. Nilikuwa nimeshika saa kule juu, na kwa mlio tu nilijua kwamba huo ungekuwa muda mzuri. Halafu mlio ukakatika. Haukupungua, ulikatika. Kwenye kona ya pili pistoni ya kushoto ilitoboka na kung'ang'ania ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likafunga, na pikipiki ikateleza ubavu mpaka kwenye marobota ya nyasi kavu. Brenda alirushwa juu ya marobota akaangukia ukuta wa mawe wa shamba la jirani. Alivunjika mtulinga na mbavu mbili. Alipofikiwa alikuwa ameketi ameegemea ukuta, akiuliza kama pikipiki imeshika moto. Haikuwa imeshika.

Norman aliichukua kwa gari la klabu, na jioni hiyohiyo akaifungua. Aliona tundu kwenye pistoni, lenye kingo zilizoyeyuka, ambalo kidole gumba kingepita. Aliona plagi ya kutoa cheche ikiwa nyeupe kama chaki. Fundi wa mwezi mmoja anajua maana yake: petroli ilikuwa chache mno, moto ulizidi, na injini ilikuwa imelalamika kwa muda kabla ya kufa. Ile tiki tiki ndiyo malalamiko yenyewe.

Keshoye watu walipouliza, alisema ilikuwa petroli mbaya.

Hakuna aliyebisha. Petroli mbaya hutokea, na mwenye kusema alikuwa Norman Uttley. Trevor Pickles alikuja kwenye kibanda cha kazi cha Norman, akaishika ile plagi, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha mezani. Alisema pole na kuondoka bila utani wowote, na hilo lilimuuma Norman kuliko tusi.

Uongo huo ulikaa siku kumi na tatu. Katika siku hizo Norman hakugusa pikipiki ya mtu. Alipalilia vitunguu vyake, ambavyo havikuwa na magugu. Aliyekata mzizi alikuwa Mavis, na alifanya hivyo wakati wa chakula cha mchana, siku ya Ijumaa, huku akikausha vyombo.

Norman alikuwa mezani akisoma gazeti. Mavis alisimama mbele yake, akanyanyua taulo la vyombo akafunika mdomo, akaongea. Norman alimtazama.

"Toa hicho kitambaa, sikuelewi."

Mavis hakukitoa. Aliongea tena, kwa sauti ileile ya kawaida, maneno mengi. Kisha akashusha taulo.

"Nimesema nini?"

"Nitajuaje, umeziba mdomo."

"Nimesema umekuwa ukinisoma midomo tu miaka mitatu sasa, na mimi nimekuwa nikigeuka ili unione. Nimesema simu nazipokea mimi, mlango naufungua mimi, na nikiwa nyuma yako hujibu. Nilidhani ni uzee tu, mambo yetu ya humu ndani. Sikufikiria hicho kibanda. Ningefikiria." Aliketi. "Brenda alikuambia inalia, Norman. Amenieleza mwenyewe hospitalini. Alikuambia nawe ukasema husikii kitu. Wala hukudanganya. Hukusikia."

Norman alilikunja gazeti mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka likawa dogo lisilokunjika tena.

Nadhani alikuwa amejua tangu aone ile plagi. Labda alijua kabla. Mtu akipoteza masikio kidogo kidogo, sauti nyembamba ndizo hutangulia kwenda, na kinachobaki ni mingurumo. Kila injini aliyoletewa ilisikika nzito na imefunikwa kwa sababu kila kitu duniani kilikuwa kimeshakuwa hivyo kwake. Alikuwa akipunguza petroli ili arudishe sauti ambayo haikuwa imepotea kwenye injini.

Jumamosi asubuhi alipanda basi kwenda kwa Brenda, amebeba ile pistoni kwenye mfuko wa karatasi. Brenda alimfungulia akiwa na mkono umening'inizwa shingoni. Jikoni alimwekea chai na sahani ya biskuti, akaketi upande wa pili wa meza akimwangalia. Norman aliitoa pistoni akaiweka kati yao.

"Haikuwa petroli," alisema. "Ni mimi. Niliibana mno. Mimi ni kiziwi, au karibu na hapo. Nimewaambia watu ni petroli na si kweli."

Brenda aliingiza kidole kwenye tundu la pistoni.

"Nilikuambia inalia."

"Uliniambia."

"Nikaisikia tena njiani narudi. Nikasema, mzee anajua. Nina masikio mazima mawili na nikayaacha nyumbani." Aliigeuza pistoni kwa mkono mzima. "Kosa la kuipanda nitalibeba mwenyewe. Lakini zile siku kumi na tatu, Norman. Nimelala pale nikifikiri labda niliweka petroli ya zamani. Nilikuwa nahesabu makopo kichwani. Hizo ni zako."

"Ni zangu."

"Sawa."

Norman alidhani mazungumzo yamekwisha na akaanza kuinuka. Brenda hakuinuka.

"Umetengeneza ngapi tangu mwaka uanze?"

Hakuwa amelifikiria hilo. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye mbele ya klabu nzima, kwamba kwa siku kumi na tatu alijifikiria yeye tu. Alihesabu kwa vidole. Zilikuwa kumi na moja ukiacha ya Brenda, na kumi kati yake zilikuwa barabarani wiki hiyo, kwa kuwa jua lilikuwa limetoka.

Kwa simu asingeweza, na sasa alikubali kwamba asingeweza. Kutoka kwa Brenda alipanda basi mpaka Walsden, gereji ya Trevor Pickles. Trevor alikuwa chini ya gari.

"Trevor," alisema. "Nahitaji vipimo vyako. Na gari lako. Na masikio yako."

Trevor alitoa kichwa tu. "Tuanze na kipi, kwa umuhimu?"

"Gari. Kuna watu kumi na mmoja."

Walizunguka siku mbili, Jumamosi hiyo na Jumapili, kutoka Hebden hadi Bacup. Katika kila nyumba Norman aligonga, akasimama mlangoni akasema maneno yaleyale: nimepoteza masikio, niliitengeneza pikipiki yako nikiwa hivyo, naomba tuiangalie kabla hujaipanda tena. Trevor alifunga vipimo, akasikiliza, Norman akafungua plagi na kusoma rangi yake. Plagi ya injini yenye afya hutoka na rangi ya biskuti. Kati ya zile kumi walizoruhusiwa kuzifungua, nne zilikuwa sawa. Sita zilikuwa njiani kutoboka pistoni, moja ikiwa ya polisi mstaafu ambaye Jumatatu iliyofuata alipanga kumpakia mkewe mpaka Scarborough.

Wengi walipokea vizuri. Wawili walicheka, nao walifunga midomo walipoonyeshwa plagi zao. Mmoja, mchinjaji wa Bacup, alikataa katakata yake kuguswa. Alisema pikipiki yake haijawahi kukimbia kama mwaka huu na kwamba Trevor ndiye aliyemjaza Norman maneno apate wateja. Norman alimwomba mara tatu, mara ya mwisho akiwa amevua kofia. Mchinjaji akafunga mlango. Mwezi Julai injini yake ilikufa karibu na Rawtenstall, kwa bahati akiwa anakwenda polepole nyuma ya trekta. Hakuwahi kumsemesha Norman tena, kana kwamba kuonywa ndiko kulikomtobolea pistoni.

Katika mkutano wa Juni Norman alisimama na kusema yote. Alisema kwa kifupi na vibaya, akimtazama Mavis aliyeketi mstari wa mbele. Kisha akasema hatatengeneza tena pikipiki ya mtu. Hakuna aliyepiga makofi, na nadhani hilo lilikuwa sahihi.

Brenda alimfuata nje.

"Yangu utaitengeneza," alisema.

"Umenisikia nilichosema?"

"Mimi nasikia, ndiyo hoja yangu. Wewe utasema, mimi nitashika bisibisi. Mtulinga umeshaunga. Jumanne saa kumi."

Basi kila Jumanne, kuanzia mwisho wa Juni, gari la maktaba lilionekana limeegeshwa nje ya nyumba ya Norman. Yeye alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono imefungwa nyuma, amri ambayo Brenda aliitoa baada ya kumpiga kofi mkononi mara ya nne alipotaka kunyakua spana. Walijenga injini na pistoni mpya. Trevor aliwaazima vipimo, akasahau makusudi kuvidai. Norman alimfundisha Brenda kuinua vitelezi, vile vizibo vya hewa ndani ya kabureta zote mbili, mpaka vigonge juu kwa wakati mmoja, jambo unaloweza kulishika kwa ncha za vidole bila kusikia chochote. Alimfundisha kuweka kiganja karibu na bomba la moshi, kushoto na kulia, na kulinganisha mapigo. Alimfundisha kupanda mwinuko akiwa amefungulia yote, kuzima injini ghafla, kuteremka kimya na kuichomoa plagi ikiwa bado inasema ukweli.

Jambo lililokuwa gumu kufundisha ni sauti yenyewe.

"Ikikaribia kuwa sawa," alimwambia, "kuna kitu kinatoka. Sauti inakuwa... inafunguka. Kama pazia."

"Pazia linafungukaje, Norman? Kwa haraka? Polepole? Linakwaruza?"

Alifikiri. "Sikumbuki," alisema. Na Brenda aliniambia kwamba hiyo ndiyo mara pekee alipomwona amehuzunika kweli, kwa maana hakuwa akikwepa swali. Alikuwa ameitafuta sauti hiyo kichwani na kukuta pale ilipokuwa ni patupu.

Waliipata hata hivyo. Siku moja ya Agosti Brenda aliongeza robo mzunguko upande wa kulia, akasikiliza, akaongeza tena unywele mmoja, na Norman akaona uso wake ukibadilika. Alinyoosha kiganja kwenye bomba la kushoto, halafu la kulia, akaketi.

Septemba Brenda alipanda Hagg Brow. Injini ilikwenda safi mpaka juu na plagi zikatoka na rangi ya biskuti, zote mbili. Muda ulikuwa sekunde arobaini na moja na nukta moja. Kwenye kona ya pili alifunga gesi mapema mno. Alijua, na kila aliyekuwa pale alijua. Mwaka uliofuata alifika arobaini kamili, mara mbili, na mwaka wa baada ya huo akaacha nafasi yake ya mashindano akisema goti limechoka. Chini ya arobaini hakufika. Binti wa Trevor ndiye aliyefika, mwaka 1998, juu ya mashine ambayo kabureta zake zilitengenezwa na Brenda.

Maana wakati huo watu walikuwa wakimpelekea Brenda. Hakuna aliyelipanga. Alikubali ya mtu mmoja kwa sababu mtu huyo alibembeleza, kisha wa pili akaja na hoja kwamba wa kwanza alikubaliwa. Alizitengenezea kwenye kibanda cha Norman kwa sababu kwake hapakuwa na kibanda. Norman alipewa mashine ya kusikilizia na hospitali, kitu cha rangi ya ngozi kinachokaa nyuma ya sikio. Alisema inamletea dunia nzima ikiwa imetengenezwa kwa bati. Aliivaa kanisani na wakati Mavis anaongea, akaivua mtu alipopiga kiki kuwasha injini.

Kazi yake ilikuwa plagi. Brenda alizichomoa zikiwa moto akampa kwenye kitambaa, naye akazisogeza karibu na dirisha, akazisoma kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Nilipita hapo mara ya mwisho mwaka 2001, nikiwa na pikipiki yangu mwenyewe, iliyokuwa inakohoa nikipunguza mwendo. Brenda aliisikiliza, akasema upande wa kushoto unavuta hewa ya wizi mahali fulani. Norman, ambaye hakuwa amesikia lolote, aliichukua plagi ya kushoto akaisoma.

"Hii iko sawa," alisema. "Ni ya kulia."

"Ni ya kushoto," Brenda alisema, akimgeukia ili amwone mdomo.

"Ya kulia, bibie."

Walibishana kwa muda wa kikombe kizima cha chai, wala hakuna aliyepaza sauti. Kisha Brenda akachukua spana na kuanza kufungua kabureta zote mbili, na Norman akaniambia nikae, kwa sababu itachukua muda.